Vumbi Limebaki

Kila siku akitoka shule, Evarista alivua sare, akavaa ndala zake kuukuu na kukimbilia shambani kumsaidia mama yake kupalilia vitunguu. Shamba lilikuwa la kukodi, kando ya barabara ya vumbi inayotoka Karatu kwenda Mang'ola. Magari ya watalii yanapita hapohapo. Likipita moja, jamani, mama na mtoto na vitunguu vyao wanageuka rangi moja.

Ndipo wimbo ulipotokea. Madam Natalia, mwalimu wa darasa la sita, alitaka nyimbo mpya za Siku ya Wazazi, zinazosema maisha ya sasa. Evarista akatunga palepale shambani, jembe mkononi:

Gari limepita, vumbi limebaki,
Mama anakohoa, gari halijui.

Mama yake alicheka mpaka akakohoa kweli. "Huo lazima nije kuusikia," akasema.

Evarista akamfundisha Edna, rafiki yake wa dawati moja, ili waimbe wawili. Lakini zamu ya Evarista na mama yake ya maji ya mfereji ikaangukia asubuhi ya siku yenyewe, na ukikosa zamu, vitunguu vinakauka.

"Nisubiri," Evarista alimwambia Edna.

"Nakusubiri, shosti. Naanzaje bila wewe?"

Evarista na mama yake walifika shuleni wakihema, miguu ina matope. Wakasimama mlangoni mwa ukumbi. Ndani, Edna alikuwa anaimba peke yake:

Gari limepita, raha imebaki,
Mama anatabasamu, wageni karibuni.

Makofi yakapigwa. Madam Natalia akauliza nani katunga. Edna akasema, "Mimi."

Evarista akamwangalia mama yake. Wimbo umeibwa, sawa. Lakini hata mama yake amebadilishwa, anatabasamishwa kwa nguvu?

"Mimi sitabasamu," mama yake akasema kwa sauti, watu wakageuka. "Mimi nakohoa. Mwanangu ndiye aliyeutunga huo wimbo, na haukuwa hivyo."

Madam Natalia akawaita wote mbele. Evarista hakumwangalia Edna. "Ulisema utanisubiri."

"Nimebadilisha maneno kidogo tu," Edna akanong'ona. "Baba ndiye anaendesha hayo magari. Ningeimbaje vumbi na yeye amekaa pale?"

Baba yake, Damiano, dereva wa watalii, akasimama. "Hebu niusikie ulivyokuwa."

Evarista akaimba. Neno vumbi alilitamka likasikika hadi nyuma.

"Napita pale kila siku," Damiano akasema. "Vioo nimefunga. Sijawahi kusikia mtu anakohoa. Mama Evarista, nisamehe, nitakuwa napunguza mwendo, na wenzangu nitawaambia." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, hiyo raha umeitoa wapi? Naamka alfajiri, mgongo unaniuma, siku nyingine nasinzia na soda mkononi. Ungeniuliza."

Watu wakacheka. Edna hakucheka. Akawageukia wazazi, machozi yanamtoka. "Wimbo ni wa Evarista. Nimedanganya. Evarista, nisamehe."

Bado ilikuwa inamuuma Evarista. "Tunga wako," akasema. "Wa baba yako na mgongo wake. Huo nitakusaidia kuimba."

Madam Natalia akawashika mabega. "Sikilizeni, watoto. Bibi zetu waliimba njaa yao, wakaimba mnyapara aliyewasumbua, ndiyo maana leo tunajua waliishi vipi na walifikiri nini. Sasa tungebaki na wimbo wa Edna, wajukuu zenu wangedhani hapa hapakuwa na vumbi, wala mama aliyekohoa. Kuchukua kazi ya mwenzako ni wizi. Na kuufanya wimbo useme uongo ni kuwadanganya hata watu ambao hawajazaliwa. Imbeni kilichopo."