Waya wa Kazi Zilizokataliwa

Saa sita mchana ilikuwa saa ya makelele katika karakana ile. Fundi alizipanga saa zote zilizopona zilie kwa pamoja. Hivyo alijua ipi ni nzima na ipi inamdanganya. Jirani wa duka la viatu aliziba masikio na kupiga ukuta.

"Fundi, nyamazisha hayo majini yako!"

"Vumilia, jirani! Yanamshukuru daktari wao!"

Mdogo wake Fundi alicheka kimyakimya. Alikuwa msichana mwenye haya. Aliacha shule darasa la sita, baba yao alipofariki, akaja kukaa kwenye meza ndogo karibu na mlango. Kazi yake ilikuwa kuandika lebo. Wateja walimwita Karani, na jina likamganda.

Utaratibu wa lebo uliachwa na baba. Kila kifaa kilichoingia kiliandikiwa lebo ya vipande viwili. Lebo ilibeba maneno ya mteja mwenyewe, kama yalivyotoka mdomoni, na chini yake jibu la Fundi. "Redio inapiga chafya." "Saa inaamka kabla yangu." Mteja alisomewa, kisha akatia saini. Kipande kimoja kilifungwa kwenye kifaa. Cha pili kilichomwa kwenye waya ukutani.

Pembeni kulikuwa na waya mwingine, wa kazi zilizokataliwa. Baba alitaka nazo ziandikwe, mtu asije akadai kwamba aliacha kifaa chake pale. Waya huo ulikuwa karibu mtupu, maana Fundi hakujua kukataa. Mama mmoja alileta redio iliyotumbukia kwenye sufuria. Fundi aliigeuza, mchuzi ukamwagika mezani.

"Itawezekana, bosi," alisema.

Kwake kila mtu alikuwa bosi, na kila kitu kiliwezekana.

"Iko siku watakuletea maiti," Mama alimtania. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, jicho moja limeingia ukungu, ulimi haujaingia kitu.

"Nitauliza betri yake ni ya saizi gani," Fundi akajibu.

Ndipo akaja mteja mmoja mwenye miwani myeusi. Hakuivua hata ndani. Wakampa jina la Bwana Miwani. Alileta saa ya ukutani, ikatengenezwa, lakini hakuondoka. Alivuta kigoda akaanza maongezi. Alijua kwamba askari wa mji walikuwa wameivunja meza ya Fundi iliyokuwa nje.

"Huoni uchungu?" aliuliza.

"Naona, bosi. Mguu wa meza niliuchonga mwenyewe."

"Watu kama wale dawa yao ni bomu."

Fundi alicheka. Alidhani ni mzaha.

Siku chache baadaye Bwana Miwani alirudi. Safari hii alisema wazi. Alitaka kengele ya kuwashia kitu cha kulipuka. Fundi aliweka bisibisi chini.

"Hiyo sifanyi."

Karani aliandika kama alivyozoea: "Anataka kengele ya bomu. Fundi amekataa. Mteja amekataa kutia saini." Akaweka tarehe, akaichoma lebo kwenye waya wa pili.

Bwana Miwani alirudi tena. Aliahidi kwamba Mama angetibiwa jicho katika hospitali kubwa, Fundi akikubali.

"Jicho langu limekutuma?" Mama aliuliza. "Maana kwangu halijasema kitu."

Lebo ya pili ikaingia kwenye waya. Mara iliyofuata alikuja na matusi. Alimwita Fundi mwoga, mtu wa kukojolewa na paka. Fundi alikataa, na lebo ikawa ya tatu.

"Kaka, tuwaambie polisi," Karani alinong'ona.

"Polisi gani? Wenzao si ndio waliovunja meza yangu? Huyu ana kichaa tu. Atachoka."

Karani alitaka kubishana. Aliishia kunyoosha lebo mezani.

Wiki iliyofuata Bwana Miwani aliingia akitabasamu, mkononi ana saa ndogo ya kuhesabu dakika, ile ya kupikia.

"Nisamehe, Fundi. Yale yameisha. Hii ni ya mke wangu. Inachelewa kulia, chakula kinaungua."

Karani aliandika maneno hayo hayo, akamsomea. Bwana Miwani alitia saini haraka. Siku ya tatu alikuja kuichukua. Fundi alikuwa ameinama juu ya redio, skrubu mbili ziko midomoni.

"Kwa hiyo ile kazi yetu itawezekana?" Bwana Miwani aliuliza kwa sauti.

"Itawezekana, bosi," Fundi akajibu bila kuinua kichwa.

Mlango ukajaa polisi. Walimlaza Fundi kifudifudi juu ya mavumbi ya saa. Bwana Miwani alivua miwani. Alikuwa polisi, na mfukoni alikuwa na kinasa sauti.

"Umekamatwa kwa kusaidia magaidi," alisema.

Walibeba vifaa, vitabu, hata redio ya mchuzi. Hakuna aliyetazama zile nyaya za ukutani. Vikaratasi waliviona takataka.

Asubuhi yake Karani na Mama walikwenda ofisi ya msaada wa kisheria, mitaa miwili kutoka pale. Wakili wa ofisi hiyo alikuwa mwanamke mfupi, saa ya mezani kwake ilitengenezwa na Fundi. Karani alikaa akitazama vidole vyake. Mama ndiye aliyeeleza.

"Wamemtegea mwanangu," Mama alisema. "Polisi wanaruhusiwa kudanganya?"

"Wanaruhusiwa kujificha, Mama," Wakili alijibu. "Tuseme ukweli, wauaji wapo. Kuna watu wako hai leo kwa sababu polisi alijifanya mwenzao, akajua mpango wao. Mtu akiwa tayari anatafuta bomu, polisi akajifanya muuzaji, huo ni upelelezi."

"Na mwanangu?"

"Hapo ndipo pa kuuliza. Nani alileta wazo? Nani alimfuata mwenzake? Alikataa mara ngapi, naye akasumbuliwa mara ngapi? Polisi akimpa mtu wazo, akamshawishi, akamtisha, akamletea na kifaa, hapo hajakamata mhalifu. Ametengeneza mhalifu."

"Basi atatoka!"

"Siwezi kukuahidi. Sheria za nchi hazifanani. Mahakama nyingine hufuta kesi ya namna hiyo. Nyingine hupunguza adhabu tu. Nyingine husema, umeshawishiwa sawa, lakini ulikubali. Kila mahali, bila ushahidi ni neno lako na neno la polisi."

Karani aliinua uso. "Tuna lebo," alisema. Sauti ilitoka ndogo kama ya saa ya mkononi.

"Lebo gani?"

Alieleza. Wakili alisimama kabla hajamaliza.

"Twende tukazipige picha zikiwa hapo hapo ukutani. Msitoe hata moja. Na Fundi asitie saini karatasi yoyote mimi sipo. Ana haki ya kukaa kimya na haki ya kuwa na wakili. Azitumie."

Waliporuhusiwa kumwona Fundi, alikuwa amekonda. Alizungumza nyuma ya wavu.

"Wameniletea maelezo, mdogo wangu. Wanasema nikikiri, nitafungwa miaka michache. Nikibisha, nitazeekea humu. Nimechoka. Nitie saini yaishe?"

Karani alikamata wavu kwa vidole vyote kumi.

"Kwetu mteja anatia saini maneno ya nani, kaka?"

"Yake mwenyewe."

"Hayo waliyokuletea ni ya nani?"

"Ya kwao."

"Basi watie saini wao."

Mlinzi aligeuka kumtazama. Karani alimtazama pia, mpaka mlinzi akahamisha macho.

Siku ya kesi, mwendesha mashtaka alichezesha sauti moja tu. "Kwa hiyo ile kazi yetu itawezekana?" "Itawezekana, bosi." Aliirudia mara mbili. Chumba kizima kikamgeukia Fundi.

Wakili alisimama. "Sauti za siku nyingine ziko wapi?"

"Hazikuhitajika," alijibu Bwana Miwani.

"Basi namwita Karani."

Karani alipanda kizimbani na nyaya zote mbili, zimewekwa ndani ya boksi. Mwendesha mashtaka alimtabasamia kama mtu anayemtabasamia mtoto.

"Binti, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita."

"Na wewe ndiye wa kuifundisha mahakama?"

"Hapana. Mimi ninaandika tu anachosema mtu. Nikuandikie na hilo?"

Watu walicheka. Jaji aligonga meza, lakini naye alikuwa amefunika mdomo.

Karani alisoma waya wa kwanza. Mwenye redio ya mchuzi aliambiwa itawezekana. Mwenye saa iliyokanyagwa na gari aliambiwa itawezekana.

"Kaka yangu hujibu hivyo kama wengine wanavyoitikia naam," alisema. "Lakini kuna waya wa pili. Una miaka minane, tangu baba afariki. Una lebo nne tu. Moja ni ya mtu aliyetaka saa yake irudi nyuma, apate kuwahi kazini. Tatu ni za huyu bwana. Katika miaka minane, kaka yangu alijifunza kukataa kwa sababu yake."

Alizisoma tarehe moja baada ya nyingine. Kisha akainua lebo ya saa ya kupikia. "Ni ya mke wangu. Chakula kinaungua." Chini yake ilikuwapo saini ya Bwana Miwani.

Jaji alivaa miwani yake, akaitazama ile saini muda mrefu. "Afisa," aliuliza, "kati yenu wawili, nani alitaja bomu kwanza?"

Bwana Miwani alilamba midomo. "Mimi, mheshimiwa. Lakini tulikuwa na taarifa kwamba ana hasira."

"Hasira si kosa. Kabla hujamfuata, uliona dalili gani kwamba anatafuta bomu?"

Bwana Miwani alitoa miwani myeusi mfukoni, akaivaa.

Jaji alirudi na uamuzi wiki iliyofuata. Alisema polisi hawakukuta uhalifu katika karakana ile. Walifika nao, wakahangaika kumbebesha mtu aliyekuwa akiukataa. Kesi ikafutwa. Mama alipiga kigelegele hata karani wa mahakama akasahau kumkataza.

Nje, Wakili alimshika Fundi bega. "Umepona. Lakini ulikosea jambo moja. Siku ya kwanza alipotaka kengele ya bomu, ungeripoti."

"Ningejuaje kwamba ni polisi?"

"Huhitaji kujua. Angekuwa muuaji wa kweli je? Watu wangekufa, na wewe ulijua. Akiwa polisi, ripoti yako ingekuwa ushahidi wako. Njia ni hiyo hiyo moja. Mnakataa wazi, mnaandika, mnakwenda wawili mchana, mnaomba namba ya ripoti. Kama mnaogopa kituo, mnapitia kwangu."

Fundi alirudi kwenye saa zake. Alijifunza kuinua kichwa na kuuliza, "Kazi ipi, bosi?" kabla ya kujibu chochote. Jirani wa viatu alidai kwamba sasa Fundi akisalimiwa huuliza, salamu ipi.

Miezi ikapita. Mchana mmoja aliingia mgeni, shati limenyooshwa vizuri. Alisifu kazi, akavuta kigoda. Alisema amesikia walivyoonewa. Kisha akainama.

"Kuna njia ya kuwalipiza. Kitu kidogo tu cha kulipuka."

Saa zote zikalia kwa pamoja. Karani alingoja mpaka zikanyamaza. Kisha alisimama, kalamu mkononi, akasema kwa sauti iliyovuka ukuta hadi dukani kwa viatu:

"Rudia polepole, bwana. Naandika."

Mgeni alitoka bila kuaga. Walikuwa hawajui kama ni polisi au muuaji, na hawakupoteza muda kubahatisha. Karani alimshika Mama mkono, wakaenda kituoni jua likiwa utosini.

Askari wa kaunta aliisoma lebo, akaiweka pembeni. "Haya, tumesikia. Nendeni."

"Namba ya ripoti, afande," Karani alisema.

"Tutawapigia."

"Tunangoja namba." Alivuta benchi, likakwaruza sakafu, akamkalisha Mama, naye akaketi.

"Binti, hapa si kwenu."

"Ni kwetu," alijibu. "Mkitukamata mnatuleta wapi?"

Askari alimtazama. Mama alikunja miguu kama mtu aliyekuja kulala. Mwishowe askari alifungua daftari, akaandika, akataja namba. Karani aliinakili kwenye lebo, kipande cha kwanza na cha pili. Akaisoma kwa sauti, kisha akasukuma kalamu juu ya kaunta.

"Saini hapa, afande. Ni maneno yako mwenyewe."