Kengele ya Kapita

Umande ulikuwa haujakauka Godeberthe alipofika shambani, jembe begani, kipande cha muhogo wa jana mdomoni. Shamba lao lipo Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, pale ardhi inapoteremka kwenda kwenye majani marefu. Alitafuna, akatazama, akaacha kutafuna.

Mabua kumi na mawili ya mahindi yalikuwa chini. Yalikatwa karibu na ardhi, kwa mshazari, kama kwa kisu. Lakini si mtu aliyeyakata. Ni ndezi, yule panya mkubwa wa majanini, mnene kama paka aliyeshiba, mwenye meno ya rangi ya chungwa. Jana yalianguka tisa. Mahindi hayo ndiyo posho ya nyumba nzima mpaka msimu ujao. Hakukuwa na shamba lingine.

Na mlinzi wa mahindi? Alikuwa nyuma yake, amekaa juu ya kitenge ambacho Godeberthe alikuwa amekiweka chini. Jina lake Kapita. Alikuwa mbwa mwenye umri wa miezi mitano, masikio makubwa, miguu mikubwa kuliko mwili wake. Shingoni alivaa kengele ya chuma. Kapita aliinua mguu ajikune sikio. Kengele ikalia. Akaruka, akatazama nyuma aone nani anamfuata, hakuona mtu, akakimbia. Kadiri alivyokimbia ndivyo kengele ilivyolia, na kadiri ilivyolia ndivyo alivyokimbia, mpaka akapotea kwenye migomba.

"Haya," Godeberthe aliyaambia mahindi. "Askari wenu amekwenda nyumbani."

Kengele ile ilikuwa ya baba mkwe wake. Mumewe, Gervais, aliibeba alipokimbia Burundi, imefungwa ndani ya shati ili isilie njiani. Vitu vingine vya baba yake vilibaki huko. Na kwao desturi ilikuwa hivi: mbwa akishavishwa kengele, ni mwindaji, na kengele haivuliwi tena. Mwindaji huisikia kwenye majani marefu akajua mbwa wake yuko wapi.

Lakini mbwa huvishwa lini? Hapo ndipo Gervais alipokosea. Baba yake alikufa kabla ya kumwambia. Basi Gervais alipomleta Kapita kutoka kwa ndugu yake anayeishi Kakoba, kule Mbarara, ndani ya kikapu kwenye boda boda, akaanza kumpima shingo kila Jumapili baada ya misa. Siku mkanda wa kengele ulipomkaa bila kuteleza, akasema mbwa ameiva. Godeberthe alimwambia kwamba hata kofia ya padri inaweza kumkaa mtoto. Hakusikilizwa.

Sasa alirudi nyumbani na bua moja lililokatwa, akaliweka mbele ya mumewe, karibu na kikombe chake cha chai. Gervais aliligeuza huku na huku. Alisema mbwa hana tatizo, ila hajawahi kumwona ndezi karibu. Akimwona mara moja tu, damu ya uwindaji itaamka.

"Kesho nitamwonyesha, mama Régis," alisema. "Wewe utatazama tu."

Kesho yake Godeberthe akatazama. Gervais alimvuta Kapita kwa kamba mpaka ukingoni mwa shamba, akapiga majani kwa fimbo. Ndezi akatoka mbio. Kapita, kwa kuwa ni mtoto, alidhani ni mchezo, akampelekea pua. Ndezi akamng'ata mdomo. Mbwa akalia, kengele ikalia, kamba ikamponyoka Gervais. Kapita alipita katikati ya mbuzi wa jirani yao Bienvenu, mbuzi wakatawanyika hadi barabarani, na ilibidi watu watatu waache kazi zao wawakusanye. Bienvenu aliuliza kama huo ndio uwindaji wa Burundi. Gervais aliokota fimbo yake. Godeberthe alijikaza sana asicheke.

Tangu siku hiyo Kapita hakukubali hata kukanyaga njia ya shambani. Alikuwa anajilaza chini, na wewe umvute kama gunia.

Ndipo Godeberthe alipokwenda kumwita Doriane. Doriane ni Mkongomani kutoka Kivu Kusini, amesomea kutibu mifugo, na hutembea nyumba kwa nyumba na mfuko wake wa dawa. Alipofika, kwanza aliosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, bila haraka. Kisha akaomba kadi ya chanjo. Kadi haikuwepo.

Hapo uso wake ulibadilika. Alieleza kwamba kila mbwa anapaswa kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, halafu arudiwe kila mwaka. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, hauna dawa, kwa mbwa wala kwa mtu. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, aende zahanati siku hiyohiyo, asingoje kuona itakuwaje. Akamchanja Kapita palepale. Akampa pia dawa ya minyoo.

Kisha akamfungua mdomo.

"Baba Régis, kuya hapa uangalie," alisema. "Hii jino ni ya utoto, na hii ya ukubwa inatokea pembeni yake. Ulipatia kazi mutoto mwenye hajamaliza kuota meno."

Gervais alisema shingo ya mbwa imeshakuwa nene.

"Shingo haiwinde. Mifupa yake ingali laini. Ukimukimbiza mingi sasa, miguu itaharibika. Ngoja afike mwaka moja."

Godeberthe aliuliza kama mwaka mmoja unatosha. Doriane akasema umri peke yake hautoshi. Kuna mambo ya kuangalia. Je, mbwa anarudi akiitwa, hata kama chakula kipo mbele yake? Je, anapita katikati ya mbuzi na kuku bila kuwagusa? Je, sauti kubwa haimtoi mbio? Je, ukimpeleka shambani anaingia kwa hiari, mkia juu? Akishindwa moja kati ya hayo, bado. Arudi kwenye mazoezi, kidogo kidogo, asipigwe.

"Na iyo kengele mutoe," alimaliza. "Inamukimbiza."

Gervais alikataa. Alizungumza polepole, akiitazama kengele. Kwa baba yake, kumvua mbwa kengele ilikuwa kumfukuza kazi mbele za watu.

Godeberthe alivuta pumzi ndefu. Siku zote hizo alikuwa ameivuta mara nyingi.

"Basi hafukuzwi," alisema. "Mpe likizo. Walimu wanapewa likizo, na wanarudi walewale."

Gervais alifikiri. Kisha akapiga goti, akafungua mkanda mwenyewe.

Kwa mahindi ya msimu ule, Doriane aliwashauri wakate majani yote yanayozunguka shamba, hatua kumi kila upande, kwa sababu ndezi haendi mahali pa wazi. Walikata siku nne, mikono ikatoka malengelenge. Walipoteza mahindi mengi hata hivyo, ila si yote.

Kengele ikaning'inia kwenye msumari jikoni. Kila jioni, Godeberthe alipochanganya posho, ule ugali wa mahindi, na vichwa vya mukene, dagaa wa ziwani, aliigusa ilie kidogo kabla ya kuweka sahani chini. Mwanzo Kapita alijificha nyuma ya pipa la maji. Baada ya wiki mbili alichungulia. Baada ya mwezi, kengele ikigongwa tu, alikuwa ameshakaa mbele ya sahani, mate yanamtoka. Gervais naye alimfundisha kurudi. Alimwita, akampa kipande cha muhogo, akamwita, akampa. Watoto wakamcheka kwamba anamlea mbwa kama bwana harusi.

Msimu wa pili mahindi yalipobeba, Kapita alikuwa na mwaka mmoja. Mbuzi wa Bienvenu walimkanyaga mkia, akawaacha. Alienda shambani akiwatangulia watu. Godeberthe akasema sasa. Gervais akasema bado.

Wiki iliyofuata akasema bado. Mabua sita yakaanguka. Akasema pengine baada ya Noeli.

"Baba Régis," Godeberthe alisema, "kwanza ulimpeleka akiwa mtoto. Sasa unataka aende akiwa mzee?"

Akaitoa kengele msumarini, akamvisha Kapita kwa mkono wake, akatangulia njia. Gervais akafuata akilalamika.

Kapita aliingia kwenye mahindi, pua chini. Kengele ilienda polepole, ikasimama, ikaenda. Ghafla ikawa mbio. Ndezi alichomoka ukingoni, akavuka sehemu iliyokatwa, akaelekea barabarani, mbwa nyuma yake. Na barabarani kulikuwa na lori la mchanga linateremka kwa kasi.

"Kapita, rudi," Gervais aliita.

Ndezi alivuka. Kengele ikanyamaza. Kisha ikasikika tena, inakuja huku. Kapita akatokea kwenye vumbi, ulimi nje, akakaa mbele ya Gervais akingoja muhogo wake.

Gervais alimshika masikio yote mawili.

"Ndezi amekwenda," Godeberthe alisema.

"Aende tu."

Kweli alikwenda, na wengine wakamfuata, maana kila asubuhi kengele ilizunguka shamba. Januari walivuna magunia saba. Mvua zilipoanza, Bienvenu alileta mbwa wake mdogo, akaomba kengele ya kuazima. Alisema shingo ya huyu ni nene sana.

Gervais alimfungua mbwa mdogo mdomo, akatazama meno kwa muda mrefu, kama daktari.

"Kadi ya chanjo iko wapi?" aliuliza.

Godeberthe alikuwa jikoni. Akaweka maji ya chai motoni, kwa sababu alijua maelezo yatakuwa marefu.