Vidole Sita vya Maji

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Bushiri alikwenda kuonja maji ya mto. Alichota kwa kata yenye mpini mrefu, maana mamba hapigi hodi. Alionja, akatema, akakunja uso.

"Chumvi," alisema. Kisha alirudi nyumbani, na shamba likabaki na kiu yake.

Bushiri na mkewe Hajira walilima mpunga Mikandaani, kitongoji kidogo karibu na Nyamisati. Shamba lao liligawanywa kwa matuta madogo kuwa majaruba, na lote lilizungukwa na tuta kubwa la udongo. Kwenye tuta palikuwa na mlango mdogo wa kupitisha maji, nao ulizibwa kwa ubao. Ukiinua ubao, maji ya mto yanaingia. Ukiushusha, yanakoma.

Kazi ilikuwa kujua wakati wa kuinua. Bahari ikijaa, maji ya chumvi hupanda mtoni. Bahari ikipwa, maji matamu ya mto hushuka. Mwaka uliopita Bushiri aliuacha ubao juu wiki nzima. Bamvua, yale maji makuu ya bahari, likaja, chumvi ikaingia, mpunga ukaungua wote. Ndiyo maana mwaka huu hakutaka hata kuugusa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini mvua nazo zilichelewa. Udongo ulianza kupasuka. Majani ya mpunga yakajikunja.

"Mama Ally," alisema Bushiri siku moja, "mpunga huu ukifa, basi. Tunahamia Umwe kwa kaka Saadi; nimeagana naye aje kutuchukua mwezi wa saba. Huko nitalima ufuta. Ufuta hauogopi bahari."

Shamba lile Hajira aliachiwa na mama yake. Kila tuta alilijua, na kila tuta alilipenda. Kuhama hakukubali hata kidogo. Alikwenda mtoni, akaonja maji mwenyewe, akarudi mbiombio.

"Baba Ally, mbona matamu?"

"Matamu? Ulimi wako umelala!"

"Wako ndio umeogopa!"

Wakaanza kubishana, sauti juu. Hapo ndipo jirani yao, Mwalimu Kudra, alipoingia uani. Alifundisha hesabu katika shule ya kata. Alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akakuta vita.

"Hodi jamani! Kuna usalama?"

"Karibu, Mwalimu," alisema Bushiri. "Hebu tuamue. Mie nasema maji yana chumvi. Mwenzangu anasema matamu. Nani mkweli?"

"Huenda nyote wawili," alijibu Kudra.

"Aka! Mwalimu wa hesabu unasema hivyo? Moja na moja ni mbili. Maji yana chumvi, au hayana. Chumvi ni chumvi!"

Hajira akacheka. "Baba Ally, jana mchuzi niliutia chumvi. Ukala, ukaongeza, ukalamba sahani. Mbona hukusema nimekupikia bahari?"

Bushiri akajikuna kichwa.

Kudra akaketi mkekani. "Mkeo kasema kweli," alisema. "Tazama hiki kikombe cha chai. Sasa ni ya moto. Baadaye itakuwa baridi. Niambie, ni dakika gani hasa itaacha kuwa ya moto?"

"Hakuna dakika," alisema Bushiri. "Inapoa taratibu."

"Haya. Basi na chumvi ni vivyo hivyo. Haina mpaka uliochorwa mahali. Maji yanaweza kuwa na chumvi kidogo, na huku yakawa matamu kiasi. Kuna hesabu za mambo ya namna hii. Mimi naziita hesabu za kadiri. Zina zaidi ya miaka sitini sasa. Zinatumika katika mashine za kufulia nguo, katika treni, hata hospitali. Swali lake si ndiyo au hapana. Swali lake ni: kwa kadiri gani?"

"Na mpunga wangu, Mwalimu? Mpunga hauendeshi treni."

"Kesho tuone," alisema Kudra. Akachukua mbuzi aliyoiazima, akaenda kukuna nazi.

Kesho yake Kudra alipanga chupa tano. Ya kwanza ilikuwa ya maji ya kisima. Ya tano ilikuwa ya maji ya bahari. Tatu za katikati alizichanganya, kila moja na chumvi zaidi kuliko iliyotangulia. Akawaita majirani, wakatimia watu kumi.

"Onjeni, mteme, msukutue kwa maji safi," aliwaambia. "Msimeze. Anayeona ni chumvi, anyooshe mkono."

Chupa ya kwanza, hakuna mkono. Ya tano, wote kumi, na mmoja wao, Mzee Mshamu, akanyoosha mikono miwili. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa katikati. Chupa ya pili ilipata mikono miwili. Chupa ya tatu ilipata minne.

"Hii chumvi iko wapi?" alifoka Mzee Mshamu. "Mie nimekula nguru wa chumvi miaka sitini!"

"Ndiyo maana huioni!" walimjibu, na ua mzima ukaangua kicheko. Chupa ya nne ilipata mikono minane.

Kudra aliandika namba kwenye kila chupa: sifuri, mbili, nne, nane, kumi. "Chupa ya tatu ni chumvi kwa nne, na ni tamu kwa sita. Yote mawili kwa pamoja. Jana mtoni Bushiri aliionja ile nne. Hajira aliionja ile sita. Hakuna aliyesema uongo."

Hajira na mumewe wakatazamana. Ugomvi wa jana uliisha pale pale.

"Sasa nataka sheria za mpunga," alisema Kudra. "Mimi sizijui. Hajira, sema wewe."

"Mie?" Hajira aliona haya. Aliishia darasa la nne. Hesabu kwake ilikuwa kitu cha kukimbia. Lakini mpunga aliujua tangu akibebwa mgongoni. Akaanza polepole.

"Shamba likiwa kavu na maji matamu, unafungua sana. Shamba likiwa kavu na maji ya chumvi, unafunga. Shamba likiwa na maji ya kutosha, unafunga tu, hata mto uwe asali. Na mpunga ukitoa maua unabembelezwa kama mzazi. Hapo chumvi ikizidi mbili, usiguse ubao."

Kudra aliandika yote. "Umeona? Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Mimi nimeshika kalamu tu."

Hajira alifurahi mpaka akajifunika uso kwa kanga.

Kisha wakaenda tutani, na Kudra akachora mistari kumi kwenye ubao wa mlango wa maji, kila mmoja ukiwa juu ya mwingine kwa upana wa kidole. "Tuseme shamba ni kavu, na maji ya mto yanafanana na chupa ya tatu. Sheria ya maji matamu inasema inua vidole kumi. Sheria ya maji ya chumvi inasema sifuri. Utamu una nguvu sita katika kumi. Basi inua vidole sita. Yakifanana na chupa ya nne, utamu ni mbili. Inua viwili."

"Na yakifanana na ya tano?" aliuliza Bushiri.

"Utamu sifuri. Shusha ubao, ukanywe chai."

Bushiri alitikisa kichwa. "Mwalimu, nimeungua mara moja. Sitaki kuungua tena."

"Una haki ya kuogopa. Jaribu jaruba moja tu. Likifa, umepoteza moja."

Bushiri akakubali, shingo upande. Waliitafuta saa ya maji kupwa. Hajira alionja mto, kisha chupa moja moja, mpaka akapata iliyofanana. Ilikuwa ya tatu. Bushiri akainua ubao vidole sita. Maji yakaingia jaruba la kwanza yakicheka.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili Bushiri alikwenda kutazama mara saba. Siku ya nne alirudi akikimbia, ndara moja mguuni, nyingine mkononi.

"Mama Ally! Majani yamekunjuka! Njoo uone!"

Walisimama tutani wawili. Jaruba moja lilikuwa kijani, mengine yote yamenyong'onyea. Hajira alilia kwa furaha, hakujificha. Siku hiyo hiyo walipitisha maji shamba zima.

Tangu hapo Hajira ndiye aliyeonja. "Mbili!" aliita, na Bushiri aliinua vidole vinane. "Nane!" aliita, akainua viwili. Bamvua lilipokuja, Hajira alionja akatema mbali. "Kumi!" Ubao ukashushwa, na shamba likakaa salama siku zote za bamvua. Mpunga ulipotoa maua, waliubembeleza kama alivyosema. Majirani nao wakaja na chupa zao. Hata Mzee Mshamu alichora mistari kwenye ubao wake, ila kuonja alimwachia mkewe.

Mwezi wa saba walivuna. Magunia yalijaa chumba, yakafika barazani. Saadi, kaka yake Bushiri, alifika kutoka Umwe na kamba ndefu begani. Hakuwa amesikia habari.

"Nimekuja kuwahamisha kama tulivyoagana," alisema. "Haya, mizigo iko wapi?"

Bushiri alimwonyesha magunia. Saadi akaishusha kamba begani.

"Lo! Kumbe hamhami?"

"Tunahama, kaka," alisema Bushiri, uso mkavu kabisa.

Hajira alishtuka. Kata ilimponyoka mkononi.

"Tunahama kwa kadiri ya moja katika kumi," aliendelea Bushiri. "Siku tatu tu. Tukupelekee mchele, tumsalimie shemeji, turudi. Zile tisa zilizobaki ni za hapa, shambani kwa mama mkwe wangu."

Hajira alimrushia kanga usoni, akicheka na kulia. Kisha akashika ncha moja ya kamba ya Saadi, Bushiri akashika nyingine, wakafunga gunia la kwanza.