Duara la Rizuane

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata shemeji yangu Rizuane, mume wa dada yangu Nadia. Ila mkono uliofunga kile kifaa ni huu wangu, kwa hiyo asitokee mtu wa kuniambia kwamba nimesimuliwa.

Mimi ni fundi wa pikipiki pale Palma. Miaka ile gesi ilikuwa imeshatuletea wageni wa kila namna, na wezi wa pikipiki wakaja nao. Rizuane alikuwa amehamishiwa Quitunda pamoja na kijiji chake chote, ili kupisha mitambo. Kijiji cha zamani kilibomolewa, kikazungushiwa uzio. Kazi yake ilikuwa kubeba abiria, na pikipiki yake aliipenda kuliko alivyonipenda mimi, jambo ambalo simlaumu.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwake na zana zangu. Nikafungua kiti, nikaunganisha king'ora kwenye betri, nikaficha chini ya tangi kile kiboksi cha kufuatilia. Kina laini yake ya simu. Ukikitumia ujumbe kinakujibu kiko wapi. Tena kina duara. Unasimama nyumbani, unakiambia hapa ndipo katikati, na mwisho wa kwenda ni umbali fulani. Pikipiki ikivuka hapo, injini inazima. Nikaweka kilomita thelathini kutoka mlangoni kwake. Nadia akatuletea chai na muhogo, tukamcheka jirani aliyeshtushwa na king'ora hadi akamwaga ndoo nzima ya maji.

Ijumaa Rizuane akanipigia. Alikuwa amepita kijiji cha Mute kidogo, na abiria nyuma.

"Shemeji, mota imezima."

Nikatazama simu yangu. Kwa hesabu yangu alikuwa bado yuko ndani ya duara. Lakini katikati ya duara hapakuwa Quitunda tena. Palikuwa ndani ya uzio, pale ilipokuwa nyumba yake ya zamani. Na umbali haukuwa thelathini, ulikuwa ishirini. Nikajua nimekosea kuandika, maana mimi nikiwa na haraka hata jina langu naweza kulikosea. Nikaandika upya, kifaa kikajibu kwamba kimekubali. Jumamosi nikakiuliza. Kikajibu kumi na mbili, na katikati ni kule kule.

"Mali mbovu hii," nikasema. Nikaenda Quitunda, nikakata nyaya zote, nikatoa kiboksi na laini yake, nikarudi navyo Palma.

Jumatatu pikipiki ikazima tena njiani, haina kifaa wala uzi wa kifaa. Wakati huo huo simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wenye tarakimu moja tu, tisa, kutoka namba ya kile kiboksi. Laini ilikuwa mbele yangu mezani, kando ya bisibisi.

Rizuane hakutaka kuamini. Siku ya pili akaomba lifti kwa Cândido, dereva wa gari la mizigo, mtu wa Mueda asiyekuwa na subira na habari za mashetani. Cândido ndiye aliyenieleza. Walikuwa wanazungumza, Rizuane akanyamaza katikati ya neno. Macho wazi. Kifua kimesimama. Cândido kwa kuchanganyikiwa akarudisha gari nyuma kidogo, Rizuane akavuta pumzi. Akasogeza mbele, pumzi ikakatika. Walijaribu mara tatu, ya tatu ikawa ndefu mno.

"Si mota, mano, ndugu yangu," Cândido aliniambia kwa sauti ya chini. "Ni yeye mwenyewe."

Nilimkuta Rizuane amekaa kitandani, mikono katikati ya magoti. Nikafunga mlango. Akasema bila kuniangalia, "Ni mama."

Mama yake, Bi Chamima, alifariki miaka miwili kabla ya kuhamishwa. Alizikwa nyuma ya nyumba, kwa sababu watu wa kijiji walikataa azikwe na wenzao. Walimwita mchawi. Mwanawe alikuwa mmoja tu, na tangu mdogo hakumruhusu kwenda mbali. "Cheza pale ninapokuona," ndivyo alivyokuwa akimwambia, hata alipoota ndevu.

Walipokuja watu wa kuorodhesha makaburi, kila familia ilionyesha ya kwake. Yakafukuliwa kwa dua na sanda mpya, yakahamishwa. Rizuane alipoulizwa, alisema hana kaburi pale. Majirani walikuwa wamemwomba asiwaletee yule bibi kwenye kijiji kipya. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwomba. Nasema hivi kwa aibu, maana yule mama hakuwahi kunifanyia lolote baya. Alinipa maembe tu.

"Tukamtoe," nilimwambia. "Tukamzike vizuri."

Nilikwenda kwenye ofisi ya uhamisho pale Palma kuomba kibali cha kuingia ndani ya uzio. Mama mmoja anayeitwa Luzia akafungua orodha ya makaburi, akanigeuzia. "Hapa imeandikwa hana kaburi. Dole gumba ni lake."

"Alidanganya, dona Luzia."

"Basi aje mwenyewe abadilishe."

Nilishindwa kumwambia kwamba mwenyewe hawezi kufika Palma. Ningeanzia wapi? Nikasema ni mgonjwa. Akanihurumia, akachukua barua yangu, akaniambia nisubiri.

Simu ikalia nikiwa njiani kurudi, nimekaribia Quitunda. Nne.

Kutoka nyumba ya zamani hadi kitanda cha Rizuane ni zaidi ya kilomita nne. Nilipofika Quitunda, wanaume walikuwa wamembeba juu juu, Nadia anakimbia kando anapiga kelele. Midomo ya Rizuane imebadilika rangi. Waliendelea kwenda upande wa uzio kwa sababu huko ndiko alikokuwa akinyoosha kidole. Kwenye mashamba ya mwisho akakohoa, akapumua.

Hakurudi tena nyumbani. Kila siku duara lilimsogeza. Tatu. Mbili. Siku ya nne alikuwa ameegemea uzio wenyewe, juani, mgongo umebanwa na seng'enge. Mbele yake hewa haipo. Nyuma yake waya. Nadia alitandika mkeka pale, akapika pale. Nilimwambia mlinzi wa upande wa ndani, jina lake Domingos, amfungulie. Akatikisa kichwa. Bila karatasi atafukuzwa kazi.

"Shemeji," Rizuane aliniita kwa mnong'ono. "Usiku na mchana nasikia ufagio. Huko ndani. Anafagia."

Mimi sikusikia kitu.

Asubuhi iliyofuata simu yangu ilisema moja. Saa hiyo hiyo dona Luzia akapiga: kibali kimetiwa saini. Nilikwenda kukichukua, nikaendesha mpaka macho yakatoa machozi. Nilifika saa sita mchana, karatasi mkononi, nikamkuta Nadia amesimama peke yake. Mkeka upo. Sahani ipo. Alikuwa ameinama kupuliza moto, akainuka, mumewe hayupo. Tulikagua uzio mkono kwa mkono. Hakuna tundu. Hakuna waya uliolegea.

Nikampa Domingos kibali. Akakisoma, akanitazama kwa mshangao.

"Lakini mama yake si yumo ndani? Yule mzee wa kanga nyeusi. Kila asubuhi namwona, husema anamngoja mwanawe. Nilidhani yeye ana karatasi yake."

Akafungua lango.

Tuliingia watu watatu, mimi, Nadia na Domingos. Kijiji kilikuwa kimesawazishwa na mashine, nyasi zimefika kiunoni. Visima vyote vilifukiwa zamani. Tulitembea tukimwita Rizuane, na sauti zetu zikawa ndogo kadiri tulivyokwenda. Kisha nyasi zikaisha. Mbele yetu palikuwa na uwanja uliofagiwa, ukubwa wa ua wa nyumba. Mistari ya ufagio ilikuwa mibichi. Hapakuwa na alama hata moja ya mguu.

Rizuane hakuwepo. Kaburi la mama yake hatukuliona pia. Ardhi yote ilikuwa tambarare. Katikati ya ua, juu ya fimbo mbili na kamba, lilining'inia shati la bluu alilokuwa amevaa asubuhi ile akiwa kwenye uzio. Limefuliwa. Lilikuwa linadondosha maji.

Nadia alilivua kwenye kamba, akalinusa, akalia kwa mara ya kwanza. "Hii sabuni si yangu," alisema.

Alilikunja bichi vile vile akalibeba. Tulimtafuta mumewe wiki tatu, tukachimba ule ua wote kwa kibali kingine, hatukupata hata mfupa, wa mama wala wa mwana. Alasiri ya siku ile tuliyolipata, Nadia alilianika shati nyuma ya nyumba Quitunda, kwenye jua la mwezi wa kumi na moja. Siku ya pili lilikuwa bado linadondosha. Ameliacha pale pale kwenye kamba. Chini yake ardhi imechimbika kishimo kidogo kwa matone, na shati halijawahi kukauka.