Nukta Nyekundu Mgongoni

Jioni ile nilikwenda kukagua ndoo zangu tu. Ni ndoo tano nilizozifukia usawa wa ardhi, mjusi akipita anatumbukia. Kichaka kile kilikuwa kipande cha mwisho kilichobaki kati ya barabara mbili, na tingatinga lingefika asubuhi. Ofisi yetu ya wanyamapori ilitaka mijusi watatu tofauti wa mkia wa buluu, aina adimu, ndipo isimamishe kazi ya kukifyeka. Nilikuwa na wawili. Kila mmoja nilimtia nukta ya rangi ya kucha mgongoni, nisije nikamhesabu mara mbili.

Ndoo ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Ya tano...

Alikuwemo. Mkia buluu, mgongo safi bila nukta.

Nilitoa kichupa changu chekundu. Hapo ikanijia harufu ya udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili.

"Huyo mwache, mwanangu."

Bibi kizee alikuwa amesimama nyuma yangu, miguu peku. Majani makavu yalitapakaa kote, wala sikuwa nimesikia hatua.

"Shikamoo, bibi. Nikimwacha, kesho kichaka chote hakipo."

"Ukimtia alama," alinong'ona, "na wewe utatiwa."

Niliogopa, sikatai. Lakini miaka sita nimechanwa na miiba ya pale, ofisi nzima inanicheka na kuniita Mama Mijusi. Leo nije nitishwe dakika ya mwisho? Thubutu!

Nikamtia nukta. Nikampiga picha, nikamwachia. Nilipogeuka, bibi hakuwepo.

Nyumbani, dada yangu alikuwa akinifumua nywele. Mara akasita.

"We, rangi ya kucha umejipakaje huku shingoni nyuma?"

"Rangi gani?"

Akasugua na kusugua. Haikutoka.

"Tena ziko nukta tatu," akasema polepole. "Mbili zimefifia. Hii moja bado mbichi..."

Tingatinga halikuja. Kichaka kipo mpaka leo, na ndoo zangu zipo. Ila kila jioni nikiinama, naisikia ile harufu ya udongo uliolowa, na mtu nyuma yangu anahesabu kwa kunong'ona. Moja. Mbili. Tatu. Halafu anangoja.

Leo ndoo ya pili ina mjusi wa nne.

Nimezifunga nywele juu, shingo wazi, aone pa kuweka. Kisha nikafungua kichupa.