Blanketi la Matogoro

Sudi aliinamia rundo la mitumba katika soko kuu la Mtwara, shati lake jeupe limelowa jasho mgongoni, akauliza kama kuna sweta zito. Riziki, mwenye rundo, alimtazama juu hadi chini.

"Kaka, una homa?"

Sudi alicheka. Alikuwa karani bandarini, naye na wenzake walipanga kupanda milima ya Matogoro, kule Songea, wakati wa kipupwe, baridi inapong'ata mifupa. Huko ndiko mto Ruvuma unakoanzia. Riziki alizaliwa Msimbati, karibu na pale mto huo unapoishia baharini, wala hakuwahi kujiuliza unatoka wapi. Siku hiyo alijiuliza. Alimchagulia sweta, akamwambia naye atapanda.

Simu zikaanza. Walipanga safari mpaka kamba za viatu, wakataniana mpaka chaji ikaisha, na mapenzi yakaingia bila hodi.

Wiki ya safari Sudi alinunua blanketi nene, la Riziki kujifunika mlimani, akalipeleka nyumbani kwao. Riziki alikuwa sokoni. Bibi yake alilipokea kwa mikono miwili, akapiga kigelegele. Kijana haleti blanketi kwa bibi wa binti bure. Hiyo ni posa. Majirani wakajaa uani. Jioni baba akatoa amri: mchumba wa mtu hazururi milimani, atakaa ndani mpaka harusi.

Riziki alimpigia Sudi, akamtaka aje aseme ukweli. Sudi akasitasita.

"Kipenzi, kwani sikupendi? Tuache iwe hivyo. Mlima hauhami."

"Na mimi si mzigo wa bandarini, wa kupokelewa na yeyote," alisema Riziki, akakata simu.

Sudi alipiga tena na tena, haikupokelewa. Siku moja kabla ya safari alikuja mwenyewe, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akasimama mbele ya baba na wajomba waliokuwa wakinywa chai.

"Mzee, nimekosa kwa kunyamaza. Lile blanketi lilikuwa la mlimani. Sijaposa."

Vikombe vikatua. Baba alimwambia achukue kitu chake na asikanyage tena pale.

Hapo Riziki, ambaye mbele ya wageni huongea na sakafu, alitoka chumbani amejifunga kitenge cha njano, kichwa juu.

"Baba, kesho nakwenda na wenzangu. Blanketi abaki nalo bibi, kashalipenda. Mimi nitavaa masweta ya rundo langu. Na anayenitaka aniulize mimi kwanza, ndipo aje kwako."

Baba alifungua mdomo, bibi akamwahi.

"Mwache aende, mwanangu. Mimi nilipoozwa sikuulizwa."

Sudi akamgeukia Riziki.

"Basi nakuuliza."

"Hapa sitakujibu, bado nina hasira nawe. Niulize kule juu, tukitetemeka wote. Na ujiandae kusikia hapana."