Chochote Tu, Alisema Rauno

Je, umewahi kumwona mtu mzima akijificha nyuma ya pazia nyumbani kwake mwenyewe, eti kwa sababu kengele imelia? Mimi nimemwona. Ni mkwe wangu Rauno, mume wa binti yangu Maarit.

Tunaishi jengo moja, mimi chini, wao ghorofa ya pili. Asubuhi hiyo niliwapelekea mikate ya iliki, bado ya moto, nimeifunika kwa kitambaa. Nikabonyeza kengele. Kimya. Nikafungua kwa ufunguo wangu. Soksi za sufu zilikuwa zinachungulia chini ya pazia, na ndani yake mna miguu.

“Rauno, toka. Ni mimi.”

Akatoka, uso mwekundu. “Nilidhani ni jirani, mama.”

“Kwani jirani anauma?”

“Ataniuliza mbona niko nyumbani saa nne asubuhi.”

Kiwanda cha karatasi kilifungwa vuli iliyopita. Rauno alikitumikia tangu ujana. Sasa alikuwa akipokea mafao ya kukosa kazi. Ni haki yake, lakini aliyapokea kama mtu aliyeiba. Maziwa aliyanunua duka la mbali ili asikutane na mtu. Hata zamu yetu ya sauna, chumba cha mvuke cha jengo, Ijumaa jioni, aliiacha. Mle wanaume hukaa uchi na kuulizana habari, na yeye hakutaka kuulizwa.

Simu yake ikalia mezani. Aliitazama, kisha akaigeuza kifudifudi.

“Nani huyo?”

“Ofisi ya ajira.”

Nikavuta kiti, nikakaa. Nilikata mkate, nikaupaka siagi, nikamsogezea. Akaanza kusimulia.

Ofisi ilikuwa imemuuliza anataka kazi gani. Akajibu, “Chochote tu.” Basi wakampeleka kwenye mafunzo kazini, ghala la mbao.

“Walinipa kimashine cha kusoma alama za mbao. Sikujua pa kubonyeza. Nikakishika tu.”

“Hukuuliza?”

“Mtu wa umri wangu, mama? Niulize kama mtoto?”

“Na wakati wa kahawa?”

Akainamisha kichwa. “Nilikunywa garini, kwenye thamosi yangu. Kahawa yao ni ya wanaopata mshahara. Mimi ni nani?”

Jumatatu moja hakwenda tena. Hakumwambia mtu, hata Maarit. Binti yangu anapika katika jiko la shule, hutoka alfajiri. Alidhani mumewe yuko ghalani.

Nikapanda ghorofa ya tatu kumwita Hilkka. Alifanya kazi ofisi ya ajira mpaka alipostaafu. Akashuka na kandambili zake, akasikiliza yote huku akitafuna.

“Ghalani umewaambia kwamba huendi?”

“La.”

“Na ofisini?”

Rauno akatikisa kichwa.

“Ee, bwana wee! Unajua wale watu wanafikiri nini? Kwamba unajivuna. Mtu anakaa peke yake garini, hataki kunywa nao!”

“Kujivuna? Mimi?” Nusura akabwe na mkate.

“Wao watajuaje kama ni aibu? Sasa nisikilize. Ukiwa mafunzoni, mafao yako yanaendelea. Kuna mkataba wa watu watatu: wewe, mwajiri na ofisi. Mkataba huo unaonyesha utafundishwa nini, nani atakufundisha, na mafunzo yataisha lini. Mwajiri hakulipi mshahara, kwa hiyo haruhusiwi kukufanya kibarua wa bure. Wewe uko pale kujifunza. Na anayejifunza anauliza.”

“Na kazi ikinishinda?”

“Unasema, tena mapema. Wanakutafutia nyingine. Ukiipenda, kuna njia ya kuisomea kabisa. Lakini ukitoroka kimya, mafao yanaweza kusimamishwa. Hapo kodi ya nyumba mtailipa kwa pesa gani?”

Rauno akaitazama simu. “Nitawapigia kesho.”

“Nani amekuuliza habari za kesho?” nikasema, nikamtia simu mkononi.

Akaipigia ofisi ya ajira amesimama, amegeukia dirisha asitutazame. Shingo yake ilitoka jasho. “Niliacha bila kusema,” alisema. “Nilikosea.” Kisha akasikiliza kwa muda mrefu. Kule upande wa pili mtu alikuwa anazungumza kwa upole. Aende kesho yake, akaeleze mwenyewe.

Jioni alimwambia Maarit. Binti yangu alilia kwanza, kisha akafoka. “Nimeolewa na gogo? Gogo halisemi! Mimi ni mkeo, Rauno!”

Ofisini wakamuuliza tena anapenda kazi gani. Akajibu kwa sauti ndogo, “Nyumba ya wazee.” Halafu akaongeza upesi, “Kama fundi.”

Wakampeleka nyumba ya wazee iliyo kando ya ziwa. Akapewa fundi wa kumwelekeza. Mara hii aliuliza. Kitanda cha umeme kinashukaje? Gurudumu linafunguliwa upande gani? Hakuna aliyemcheka. Saa ya kahawa aliketi mezani na wenzake. Mara ya kwanza alikaa ukingoni mwa kiti, karibu na mlango. Baadaye akazoea, na ghalani nako akapita kuwaomba radhi.

Ila alianza kuchelewa kurudi.

“Kitanda gani hicho kinakuweka mpaka jioni?” Maarit akamuuliza.

“Kuna mzee mmoja anakula supu polepole sana,” alijibu, asimtazame.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, mkuu wa nyumba ile akamwambia kuna nafasi ya ufundi, yenye mshahara, akiitaka. Jumapili tulikusanyika kwao. Hilkka alileta keki. Maarit alimimina kahawa huku akiimba.

“Hongera, fundi!” Hilkka akasema.

Rauno hakugusa keki. Masikio yake yalikuwa mekundu.

“Una nini wewe?” Maarit akaweka birika chini. “Hufurahi?”

“Nimewaomba wanipe muda nifikiri.”

“Ufikiri nini tena?”

Akatutazama sote, mmoja mmoja.

“Sitaki kutengeneza vitanda, Maarit. Nataka kuwatunza wanaovilalia. Kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha. Nataka kuisomea kazi hiyo. Niliitaka tangu waliponiuliza mara ya kwanza, nikaona aibu kuitamka.”